Nairobi mpaka New York: kilomita 11,840, na kwanini saa za kwenda si saa za kurudi

Januari 2019 shangazi yangu wa Mombasa alikua anaenda Marekani kumuona mjukuu wake wa kwanza, na ndege tuliyokua tunaiangalia ni ile ya moja kwa moja ambayo Kenya Airways walikua wameianzisha miezi michache tu nyuma, tarehe 28 Oktoba 2018. Ratiba ilikua inasema hivi: kutoka Nairobi 23:25, kufika New York 06:25. Kurudi ni kutoka New York 12:25, kufika Nairobi 10:55. Namba nne tu. Lakini nikaziweka kwenye grupu la familia na hapo ndo kazi ikaanza manake kila mtu alizisoma kivyake na kila mtu alikua na hakika.

Shangazi mwenyewe ndo alikua wa kwanza, akatuma sauti: "Mwanangu, hapa naona saa tano na dakika ishirini na tano usiku mpaka saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano asubuhi, si saa saba tu hizo? Basi la Nairobi lanichukua zaidi ya hapo!" Binamu yangu ambaye kila kitu lazima akipigie hesabu akaja na lake, ameangalia umbali mtandaoni kama kilomita 11,840, ndege ya Boeing 787 inakwenda kama kilomita 900 kwa saa, gawanya, unapata saa 13 na dakika chache, sasa hiyo saa 15 inayotangazwa imetoka wapi, hawa watu wanatuongezea. Alafu kuna mdogo wetu wa kidato cha tatu, yeye anasema dunia inazunguka kuelekea mashariki kwa hiyo ukienda magharibi New York inakufuata yenyewe, kwenda ndo kunafaa kua kufupi na kurudi kurefu, ratiba imegeuzwa.

Wote watatu wana kitu cha kujibiwa na majibu hayafanani, ndo maana nikaamua kukiandika kisa chote.

Ya shangazi ndo rahisi tuimalize. Saa kwenye tiketi kila moja ni ya mji wake. Nairobi iko saa tatu mbele ya ile saa ya dunia ya Greenwich mwaka mzima, haibadiliki. New York wakati wa baridi iko saa tano nyuma, kwa hiyo kati yetu na wao kuna saa 8. Wanapotua 06:25 asubuhi kule, ukutani kwa shangazi Mombasa ni 14:25, yaani saa nane na dakika ishirini na tano mchana. Sasa hesabu kutoka 23:25 usiku mpaka 14:25 mchana wa pili yake, saa 15 kamili. Kurudi fanya vilevile, 12:25 ya New York ni 20:25 ya kwetu, mpaka 10:55 asubuhi unapata saa 14 na nusu. Tena uangalie mwezi, kuanzia Jumapili ya pili ya Machi mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani wanasogeza saa yao mbele kwa saa moja na tofauti inakua 7, watu wengi wanapigia simu ndugu zao saa mbaya kila mwezi wa tatu kwa sababu hiyohiyo.

Mdogo wetu sasa. Hii hoja ya dunia kuzunguka nimeiskia hata kwa watu wazima na inavutia kwa kweli. Pale kwenye ikweta ardhi inazunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, na Nairobi iko karibu juu ya ikweta. Kama hoja yake ingekua sahihi basi rubani angepaa tu juu ya Embakasi, pale uwanja wa ndege wa Nairobi ulipo, akaning'inia hapo na baada ya saa moja aangalie chini aone Congo. Haiwi hivyo kwa sababu hewa nayo inazunguka pamoja na ardhi, na ndege ikiwa bado imesimama uwanjani tayari ina kasi hiyohiyo ya mzunguko, haiipotezi ikipaa. Ndege inasafiri ndani ya hewa. Kwa hiyo swali la maana ni hiyo hewa yenyewe inaelekea wapi ukilinganisha na ardhi, na hapo ndo upepo unapoingia, na upepo wenyewe unaenda kinyume na alivyotaka yeye.

Lakini kabla ya upepo tuongelee njia, kwa sababu binamu alishika namba sahihi ila hakujua inapita wapi. Chukua ramani ya ukutani ya shule, weka rula kutoka Nairobi mpaka New York. Rula itapita kaskazini mwa Congo, Nigeria, Mali, Mauritania, alafu inaingia baharini. Sasa chukua uzi uvute juu ya tufe, ile dunia ya mviringo ya mwalimu wa jiografia, uone unapita wapi. Unatoka Nairobi kuelekea kaskazini-magharibi, unakata kona ya Uganda, Sudan Kusini, unagusa kona ya chini ya Darfur, Chad, Niger, kusini mwa Algeria, unatokea Morocco karibu kabisa na Marrakech, unavuka bahari kwa kupita jirani na visiwa vya Azores vya Wareno, unapanda mpaka latitudo ya 42 hivi katikati ya Atlantiki alafu unaanza kushuka kidogo kuingia New York ambayo iko latitudo ya 40 na kitu. Yaani njia fupi inapanda juu zaidi ya mji unaokwenda na baadae inashuka. Ile ya rula nimeipigia hesabu inakuja kama kilomita 12,190, kwa hiyo uzi unaokoa kilomita 350, ni karibu dakika 25 za kuruka na mafuta yake. Si haba.

Hiyo 11,840 basi ni ya uzi. Hakuna ndege inayoruka juu ya uzi mwanzo mwisho. Inafuata njia za anga zilizopangwa, inakwepa mawingu ya radi hasa kule Sudan Kusini na Afrika ya Kati, inakwepa nchi ambazo anga lake halina usalama au limefungwa. Weka asilimia tatu ya ziada ambayo si nyingi kabisa, tayari umeongeza kilomita kama 350, yaani kile ulichookoa kwa uzi unakirudisha kwa kona.

Kwa hiyo hesabu ya binamu ukiijaza vizuri inakua hivi, na hii ni hesabu yangu ya kukadiria. Saa 13 na dakika kumi za uzi kwa kasi ya 900. Ongeza kona, dakika 25. Ongeza kupanda na kushuka ambako ndege haiendi 900, dakika kumi hivi. Ongeza kutembea uwanjani, kusukumwa kutoka getini, kusubiri zamu, kule mwisho kutafuta geti, weka 25 nyingine, manake muda wa ratiba unahesabiwa geti mpaka geti, hauhesabiwi kutoka matairi yanyanyuke. Hapo ushafika saa 14 na dakika kumi. Zilizobaki dakika 50 ni upepo. Ukiwa na upepo wa mbele wa wastani wa kilomita 50 tu kwa saa safari nzima, 900 yako inakua 850 juu ya ardhi, na kwa umbali huu hiyo ni karibu dakika 45 hadi 50. Hakuna aliyetuongezea kitu.

Na huu upepo si wa bahati mbaya kwamba leo upo kesho haupo. Huko juu, kilomita 10 mpaka 12 kutoka ardhini, kuna mikondo ya upepo inayokwenda magharibi kwenda mashariki, watu wa anga wanaiita jeti strimu, na njia ya Nairobi–New York inakutana nayo mara mbili. Kuna ule wa juu ya Sahara, ambao miezi ya baridi unakua na nguvu sana juu ya Algeria na Libya na Misri, na kuna ule wa Atlantiki ya kaskazini ambao ndo maarufu. Huu wa Atlantiki unaweza kufika kilomita 200 kwa saa na zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020 wakati wa ile dhoruba waliyoiita Ciara ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kawaida inakaribia saa 7. Sasa fikiria ungekua unakwenda upande wa pili siku hiyo. Ndo maana shangazi anayekwenda Januari anakula upepo mkali kuliko anayekwenda Julai, na ndo maana waandaaji wa safari hawarudii njia moja kila siku, wanaangalia upepo wa siku hiyo alafu wanachora, siku nyingine wanasogea kusini ya uzi kabisa, wanaongeza kilomita ili wapunguze dakika. Kilomita nyingi, muda mfupi. Binamu hili hajalikubali mpaka leo.

Kurudi upepo uleule unakusukuma mgongoni na mkondo ukiwa mzuri kukaa hewani kunaweza kua saa 12 na nusu au 13. Ratiba inakupa 14 na nusu kwa sababu JFK, ule uwanja wa New York, adhuhuri foleni ya kuruka ni ndefu na kila shirika duniani linaweka akiba ndani ya ratiba, ukiskia rubani anatangaza mmefika mapema ujue mara nyingi ni ile akiba haikuliwa.

Sasa kuna jambo ambalo kwenye grupu hakuna aliyeliuliza na mimi naona ndo kiini cha safari hii, nalo ni urefu wa Nairobi yenyewe kutoka usawa wa bahari. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu. Hewa ya pale ni nyepesi, uzito wake kama asilimia 85 ya hewa ya Mombasa. Bawa linanyanyuliwa na hewa, injini inakula hewa, kwa hiyo vyote viwili vinapunguziwa chakula kwa wakati mmoja na ndege inalazimika kukimbia zaidi ndo inyanyuke, na ikikimbia zaidi kuna mpaka wa kasi ya matairi na kuna mwisho wa lami. Lami ya Nairobi ni ndefu, mita 4,117, na ni moja tu. Joto nalo linafanya hewa iwe nyepesi zaidi. Ukijua hivyo unaelewa kwanini ndege inatoka karibu na saa sita ya usiku wakati kuna baridi. Sisemi ni sababu pekee, kuna pia kusubiri abiria wa jioni wanaotoka Dar, Entebbe, Kigali na kwengineko waunganishe, na kuna nafasi ya kutua New York asubuhi, lakini fizikia nayo imepiga kura.

Alafu uzito. Kampuni ilipozindua safari ilisema kila upande inabeba tani 85 za mafuta, marubani wanne na wahudumu 12. Tani 85 ni kama lita laki moja na elfu sita. Ndege yote ikijaa kabisa, chuma, watu, mizigo, mafuta, mwisho wake ni kama tani 228, kwa hiyo zaidi ya theluthi moja ya kitu kinachopaa pale Embakasi ni mafuta tu, na sehemu ya hayo mafuta inachomwa kwa kazi ya kubeba mafuta mengine. Ndege ya 787-8 kwenye makaratasi inaweza kwenda kilomita 13,530, ukiangalia hivyo 11,840 ni rahisi. Ila ile ya makaratasi inapigwa ukiwa na uwanja mzuri na hewa nzito na hakuna upepo wa mbele. Toa hewa ya Nairobi, weka jeti strimu usoni, kile kibakisho kinaisha haraka, na kitu cha kwanza kukatwa ni mzigo. Kurudi JFK iko mita nne tu juu ya bahari, hewa nzito, lami yao ndefu ina mita zaidi ya 4,400, upepo mgongoni. Unaweza kujaza utakavyo. Ndege ni ileile.

Majirani zetu Waethiopia wanalijua hili kuliko sisi. Addis Ababa uwanja wake uko zaidi ya mita 2,300. Kwa miaka ndege zao za kwenda Washington zilikua zinasimama Dublin kujaza mafuta wakati wa kwenda, alafu kurudi zinapitiliza bila kusimama. Umbali ni uleule. Na ukitaka kuona mtu aliyeenda mwisho kabisa, mwezi uleule wa Oktoba 2018 Singapore Airlines walirudisha safari ya Singapore–Newark, zaidi ya kilomita 15,300, karibu saa 19, kwa ndege waliyoiagiza maalum yenye viti 161 tu bila daraja la kawaida hata moja. Hao wanapaa kutoka usawa wa bahari na bado ilibidi watoe watu wapate nafasi ya mafuta.

Kwa nini ilichukua mpaka 2018? Ndege zilikuwepo, 787 ya kwanza ya Kenya Airways ilifika Aprili 2014. Kilichokua kimefunga ni karatasi na usalama. Wamarekani hawaruhusu ndege itue kwao moja kwa moja kutoka uwanja wowote tu, lazima mamlaka ya anga ya nchi ipite mtihani wao na uwanja wenyewe ukaguliwe. Juni 2009 Delta, shirika la ndege la Marekani, walikua waje Nairobi kutoka Atlanta kupitia Dakar, ikazuiliwa dakika za mwisho kabisa kwa sababu za usalama, watu wamekaa na tiketi mkononi. Kenya ikapata daraja la kwanza la mamlaka ya Marekani Februari 2017 na mwaka uliofuata ndo ndege ikaruka. Kwa hiyo kwa muda mrefu umbali wa Nairobi na New York kwa abiria ulikua kilomita za kupitia Amsterdam au London au Dubai. Wale wanafunzi 81 wa kwanza wa Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya aliyewatafutia masomo Marekani, walifika New York Septemba 1959 kwa ndege ya Britannia, ya mapanga, ambayo hata ingetaka isingeweza kuvuka umbali huu bila kutua njiani.

Tuje kwenye uamuzi wenyewe sasa, maana shangazi hakai Nairobi, anakaa Mombasa, na hapa ndo hesabu ya kilomita ilipotuchezea. Desemba 2018 Qatar Airways nao walikua wameanza kuja Mombasa, kwa hiyo angeweza kupanda ndege kulekule nyumbani akabadilisha Doha akaenda New York bila kuiona Nairobi. Kwa kilomita ni wazimu. Mombasa–Doha kama 3,500, Doha–New York kama 10,770, jumla 14,270, wakati kupitia Nairobi jumla ni 12,260. Tofauti kilomita 2,000, na kipande cha kwanza unaenda kaskazini na mashariki kidogo wakati Marekani iko magharibi. Juu ya hiyo mwaka 2019 Saudia, Imarati, Bahrain na Misri walikua wamewafungia Qatar anga lao tangu Juni 2017, ndege za Doha za kuja Afrika Mashariki ilibidi zizunguke upande wa Iran na Oman, ile 3,500 ikawa ndefu zaidi na safari inakaribia saa 6.

Pamoja na hayo yote ukihesabu mlango kwa mlango Doha haikua mbaya! Kwa sababu mpango wa kwanza wa shangazi ulikua treni. Treni ya asubuhi inayosimama vituo vyote, Voi, Mtito, Kibwezi, Emali, inafika Syokimau, kituo cha treni cha Nairobi, mchana, alafu anakaa eapoti akisubiri mpaka 23:25. Atoke nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, atue New York wakati Mombasa ni saa nane na dakika ishirini na tano mchana wa siku ya pili, hiyo ni karibu saa 32. Doha, na hata ungesubiri pale saa tatu, ungekua chini ya hapo. Kilomita 2,000 zaidi na bado unatangulia. Treni ya mchana nayo inafika jioni sana kwa ndege inayotaka uwe uwanjani mapema, na ndege ya Marekani ukaguzi wake ni wa mara mbili, wanakukagua mwanzo kama kawaida alafu wanakukagua tena getini.

Kilichosawazisha ni kitu kidogo, kubadilisha treni kwa ndege ya jioni ya Mombasa–Nairobi ambayo ni chini ya saa moja. Anatoka nyumbani alasiri, jumla inashuka mpaka saa 22 na nusu hivi, mzigo unachekiniwa Mombasa unachukuliwa New York. Hapo Doha ikapoteza hoja yake yote.

Na hata kama zingelingana ningemwambia moja kwa moja. Mtu wa miaka yake, magoti hayataki, Kiingereza cha kuulizia geti hana, kumbadilishia ndege kwenye uwanja mkubwa usiku wa manane ni mtihani kuliko kukaa saa 15. Wapo wanaosema kukaa saa 15 ndo hatari zaidi, damu inaganda miguuni, na ni kweli hatari ipo kwenye safari yoyote ndefu ndo maana tulimuulizia daktari wake kwanza pamoja na saa za dawa za presha, akapewa soksi za kubana, akaambiwa atembee kila baada ya muda na anywe maji. Kiti cha magurudumu tuliomba wakati wa kukata tiketi, ni bure, usisubiri kufika uwanjani. Kingine kizuri kwa watu wa pwani ambao wanaogopa hewa ya juu, 787 ndani inawekewa hewa kama uko mita 1,800 hivi, ndege nyingi nyingine ni 2,400. Kwa hiyo kifua chake kilikua kama amelala Nairobi.

Swali lake la mwisho likawa swala. Na hili lilinifanya nikae na kalamu muda mrefu kuliko yote. Nairobi Januari jua linazama kama saa moja kasorobo jioni. Anaswali magharibi na isha zake uwanjani, sawa. Alafu anapaa 23:25 kuelekea magharibi, yaani anakimbia jua lisimfikie. Ndege inashindwa, kule latitudo ya 40 ardhi inazunguka karibu kilomita 1,280 kwa saa na ndege ina 850, ila inachelewesha sana. Anatua 06:25 na New York Januari jua linachomoza saa moja na robo hivi asubuhi. Kutoka kuzama mpaka kuchomoza, kwake yeye, ni saa 20 na nusu. Usiku mmoja! Alfajiri yenyewe inaanza kuonekana ndani ya saa ya mwisho ya safari au zaidi kidogo kwa sababu ya kua juu, wakati wahudumu wanakusanya trei za chai. Ukifuata saa ya mkononi iliyowekwa kwa Mombasa utaswali alfajiri juu ya Algeria na nje ni giza totoro na litabaki giza saa nane nyingine. Sheikh wake alimwambia afuate mwanga wa pale alipo, na akikosa kujua akadirie. Kurudi ni kinyume, anapaa saa sita na nusu mchana na ndani ya saa tatu hivi jua linazama huku bado tumbo linajua ni alasiri, alafu usiku wote unaisha kwa saa nane au tisa, anaamka yuko juu ya Chad au Afrika ya Kati kumekucha.

Kuanzia Aprili 2023 anga la Sudan lilifungwa kwa vita na wengi wanauliza kama safari hii imerefuka. Kwa njia hii si sana, kile kipande cha Darfur ni kona tu, ukisogea magharibi kidogo juu ya Afrika ya Kati umepita. Walioumia ni wa Nairobi–Ulaya ambao njia yao ilikua inapita katikati ya Sudan kabisa.

Aliporudi treni ikafaa, kutua 10:55, mizigo, Syokimau ni jirani, treni ya mchana mpaka Mombasa. Alikua ametoka kwa binti yake saa mbili na nusu asubuhi ya kule, akaingia kwake saa tatu usiku ya pili yake, ukitoa zile saa 8 za tofauti inabaki saa 28 na nusu na kati ya hizo hewani hazikufika 14. Safari ijayo anasema anataka kiti cha pembeni ya njia, dirisha kwenda hana haja nalo, saa 15 zote hakuona kitu.